Mstari Mmoja kwenye Kipimo: Damu ya Mtoto Mwenye Homa Hujibu Lipi na Hunyamazia Lipi

Hotuba kwa watabibu, wauguzi na wafanyakazi wa maabara wa vituo vya afya vya Pemba, Chake Chake

Waheshimiwa madaktari dhamana wa wilaya, ndugu zangu watabibu na wauguzi, wenzangu wa maabara, na nyinyi akina mama wa kamati za afya za shehia mliokubali kukaa nasi asubuhi nzima, assalaam alaykum.

Nimeombwa nizungumzie vipimo vya damu vinavyoweza kutusaidia kupambanua homa za watoto zinazofanana, na nitaanzia mahali ambapo kila mmoja wetu amewahi kusimama. Ni asubuhi ya masika, benchi la kituo limejaa, na mama ameingia akiwa amemfunika mwanawe kwa kanga, mtoto wa mwaka na nusu, mwili unamchemka tangu jana usiku. Anatobolewa kidole, tone la damu linatiwa kwenye kidude cha plastiki pamoja na matone ya dawa ya kipimo, tunasubiri, na mwisho unatokea mstari mmoja tu, ule unaotuhakikishia kwamba kipimo chenyewe ni kizima. Malaria haikuonekana. Mama anauliza, "Sasa ana nini?" Na hapo, wengi wetu, badala ya kumjibu, tunanyoosha mkono kuchukua amoksilini.

Swali la mama yule ni jipya katika visiwa vyetu. Walionitangulia katika kazi hii hawakuulizwa, kwa sababu homa ya mtoto ilikuwa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na mara nyingi ilikuwa kweli. Zanzibar ilianza kutumia dawa mseto mwishoni mwa mwaka 2003, vikafuata vyandarua vyenye dawa, kisha upuliziaji wa majumba kuanzia 2006, na ndani ya miaka michache watu wanaokutwa na vimelea katika damu wakashuka hadi chini ya mmoja kwa kila mia. Hayo ni mafanikio ambayo nchi nyingi zingetamani kuyapata. Lakini homa hazikuondoka pamoja na malaria. Watoto waliendelea kuletwa, mstari ukaendelea kuwa mmoja, na ile nafasi iliyoachwa wazi na malaria sisi tukaijaza kwa antibayotiki.

Kilichomo ndani ya nafasi hiyo tunakijua kuliko tunavyojifanya kutokijua. Mwaka 2008 watafiti walichunguza watoto wapatao 1,000 wenye homa katika Dar es Salaam na Ifakara, wakawapima kila kilichoweza kupimwa, na wakaona kwamba takriban saba katika kila kumi walikuwa na maradhi ya virusi. Malaria ilikuwa kwa kama mmoja katika kila kumi, maambukizo ya njia ya mkojo yalikuwa karibu sita katika mia, na homa ya matumbo karibu nne katika mia. Wengi wa wale waliokohoa walikuwa na kikohozi cha kawaida, na nimonia iliyoonekana kwenye picha ya kifua ilikuwa sehemu ndogo sana. Mwaka 2011 utafiti kama huo ulifanyika kwetu, katika kituo cha Uzini kule Unguja, kwa watoto zaidi ya 600 wasiotimia miaka mitano waliokuwa na homa isiyo kali. Virusi vikatawala tena. Takriban robo tatu ya watoto hao waliandikiwa antibayotiki, ilhali watafiti walipokaa baadaye na majibu yote mezani waliona kwamba waliozihitaji kwa kweli hawakufika robo.

Kabla hamjafurahi kwamba basi homa zote ni za virusi na tuwape watoto parasetamoli tu, nakukumbusheni kisiwa tulichomo. Kati ya 2009 na 2010 damu za wagonjwa zaidi ya 2,000 waliokuwa na homa zilioteshwa maabara hapa Pemba, ili kuona kama zina bakteria. Waliokutwa na vijidudu ndani ya damu hawakufika wanne kwa kila mia, na zaidi ya nusu ya hao walikuwa na bakteria wa homa ya matumbo. Kwa hiyo shida yetu ina pande mbili. Walio wengi hawahitaji dawa tunazowapa, na wachache wanaozihitaji wamekaa kwenye benchi lile lile, na joto lile lile, na kilio kile kile.

Je, damu inaweza kututofautishia? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Na kiasi hicho ndicho kilichonileta.

Kipimo kinachozungumzwa zaidi ni kile tunachokiita CRP. Ni protini inayotengenezwa na ini pale mwili unapopata habari ya uvamizi au ya jeraha. Iligunduliwa mwaka 1930 huko New York na watafiti wawili, Tillett na Francis, walioona kwamba majimaji ya damu ya wagonjwa wa nimonia hufanya mashapo yakichanganywa na kitu kilichotolewa katika bakteria wa nimonia, kitu walichokipa herufi C, na kwamba mgonjwa akipona hali hiyo hutoweka. Kwa mtu mzima wa afya kiwango chake ni miligramu chache tu kwa lita. Bakteria wakishambulia kwa nguvu, kinaweza kupita mia. Virusi vingi hukipandisha kidogo, kikaishia kwenye makumi ya chini. Tofauti hiyo ndiyo inayotupa matumaini, na siku hizi inasomeka kwa tone la kidole, kwa muda usiozidi ule wa kupima malaria.

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, lakini hawakusema jambo lenyewe ni lipi. CRP ni mbiu ya namna hiyo. Hailijui jina la aliyevamia. Inachokijua ni kwamba ini limeitwa na limeitika, na kuitika huko kuna saa zake: huanza kupanda baada ya kama saa sita hadi kumi na mbili, hufika kileleni karibu siku ya pili, na chanzo kikishazimwa hupungua kwa nusu kila baada ya saa kumi na tisa hivi. Naomba tukae kidogo juu ya saa hizi, kwa sababu mimi nilijifunza umuhimu wake kwa njia isiyopendeza.

Nilikuwa kijana wa maabara katika kituo kimoja ambacho sitakitaja. Aliletwa mtoto wa kiume wa miezi kumi na minne, saa tatu za asubuhi. Malaria haikuonekana. Nilikuwa na vipimo vichache vya CRP vilivyobaki kwenye mradi uliokwisha, nikaona nijifanye mtaalamu, nikampima. Jibu likatoka 8. Nikaandika kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko mzuri kabisa, "kiwango cha kawaida", nikapigia mstari chini yake. Mtabibu aliyekuwa zamu, mtu makini ambaye kwa kawaida hamwachi mtoto bila ya kumfunua kifua na kumhesabia pumzi, safari ile aliliona lile jibu langu, akaridhika, akampa mama parasetamoli na maneno mema. Siku ya pili baada ya alasiri walirudi. Mtoto alikuwa akivuta pumzi sitini kwa dakika, mbavu zinaingia ndani, na CRP aliyopimwa hospitali baada ya kupelekwa ilikuwa imepita 140. Alhamdulillahi alipona. Nilipomwuliza mama yake, ndipo nilipojua kwamba homa ilikuwa imeanza alfajiri ya siku ile ile aliyoletwa. Yaani mimi nilimpima saa nne tu baada ya homa kuanza, ini lake halijaanza hata kujibu, nikampa mtabibu namba iliyokuwa sahihi kabisa na iliyopotosha kabisa.

Kosa lile lilikuwa na vipande viwili. Kimoja ni changu: sikuuliza homa imeanza lini, na fomu yetu haikuwa hata na nafasi ya kuandika. Cha pili ni cha namba yenyewe, maana namba ina haiba ambayo jicho na mkono havina. Mtabibu anayesema "nimemtazama, namwona yuko sawa" hujisikia anahitaji kujitetea, lakini anayesema "CRP yake ni 8" hajisikii hivyo. Nimekuja kuamini kwamba kipimo chochote kinachomfanya mtabibu aache kuhesabu pumzi ni hasara, hata kama kimetolewa bure. Pumzi hamsini au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi miwili hadi chini ya mwaka, arubaini au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano: hiki ndicho kipimo chetu cha zamani, na hakihitaji betri ila ya saa.

Ndugu yake CRP ni prokalsitonini. Hii asili yake ni tezi ya shingoni, ambako hutumika kutengenezea homoni ya kalsitonini, na kwa mtu mzima wa afya haionekani kwenye damu ila kwa kiasi kidogo mno. Mwaka 1993 ilitangazwa kwamba katika maambukizo makali ya bakteria hupanda sana, kwa kuwa viungo vingi vya mwili, si tezi peke yake, huanza kuitoa. Sifa zake ni mbili. Hupanda mapema kuliko CRP, ndani ya saa nne hadi sita hivi, na katika maambukizo ya virusi kemikali ambazo mwili huzitoa kupambana na virusi huizuia isipande. Kwa kupambanua, basi, ina makali zaidi. Ubaya wake ni bei, na mashine yake, na kwamba kituo kinachokosa glavu kila mwisho wa robo mwaka hakiwezi kuahidiwa prokalsitonini bila ya kudanganywa.

Je, vipimo hivi vimewahi kuonekana vikifanya kazi kwa watoto kama wetu? Vimeonekana, na karibu tu, ng'ambo ya mkondo. Katika zahanati na vituo vya Dar es Salaam watoto zaidi ya 3,000 wenye homa waligawanywa makundi mawili, na matokeo yakatoka 2017. Kundi moja lilitibiwa kwa mwongozo mzuri wa kawaida, la pili kwa mwongozo uliowekwa kwenye kompyuta ndogo ya mkononi, ambao ulimwambia mtabibu lini apime CRP, lini apime prokalsitonini, lini apime oksijeni kwa kidude cha kidoleni, na lini asipime chochote. Katika kundi la kwanza watoto takriban 30 kwa kila mia walipata antibayotiki, katika la pili ni takriban 12. Na wale waliopewa dawa chache ndio waliopona vizuri zaidi, kwani ambao hali zao hazikuwa nzuri siku ya saba walikuwa karibu wawili kwa mia, dhidi ya wanne kwa mia wa kundi la kwanza. Jambo ninalotaka mlione katika utafiti ule ni kwamba hakuna mtoto aliyepimwa kwa sababu tu kipimo kipo. Kila kipimo kilikuja baada ya mtoto kutazamwa na swali kuwa limeshaulizwa. Kwa mtoto anayekohoa na kupumua kwa kasi, kwa mfano, CRP ya 80 ndiyo iliyokuwa mpaka wa kumpa au kutompa dawa.

Sasa nije kwenye vitendawili, maana hapa ndipo hesabu inapokataa kwenda sawa.

Malaria yenyewe hupandisha CRP, na prokalsitonini pia. Kwa hiyo anayepima CRP kabla ya malaria atajikuta anaona bakteria asiyekuwepo. Na hata kipimo cha malaria kina mtego wake: protini ya kimelea inayokamatwa na vipimo vingi vya haraka hubakia katika damu kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kupona, kwa hiyo aliyetibiwa Tanga mwezi uliopita na leo ameletwa Wete na homa mpya anaweza kutoa mistari miwili kwa sababu ya maradhi yaliyokwisha. Muulizeni mama kama wamesafiri, na kama mtoto amekunywa dawa.

Vipo virusi vinavyovaa kanzu ya bakteria. Virusi vya adeno, vinavyowaletea watoto homa kali, macho mekundu na koo lililovimba, vinaweza kuipandisha CRP hadi kiwango ambacho yeyote kati yetu angeapa kwamba ni bakteria. Ugonjwa wa Kawasaki, uliopewa jina la daktari wa Kijapani aliyeueleza mwaka 1967, hufanana navyo kiasi cha kuwachanganya madaktari bingwa: homa ya siku tano au zaidi, macho mekundu yasiyo na tongo, midomo iliyopasuka, vipele, mikono na miguu iliyovimba. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachoutaja. CRP iko juu, chembe nyeupe ziko juu, na chembe sahani, zile zinazogandisha damu, hupanda katika wiki ya pili, wakati ambapo mishipa ya moyo inaweza kuwa imekwisha kuathirika. Ni nadra, na sitaurudia tena, lakini mtoto wa siku ya tano ya homa aliyekwisha kunywa dawa mbili bila ya nafuu apelekwe mbele, asipewe ya tatu.

Homa ya matumbo, ambayo kwetu ndiyo ya kuogopwa, kwa bahati mbaya ndiyo isiyotabirika. CRP yake mara nyingi hukaa katikati, mahali ambapo huwezi kuapa huku wala huku, na chembe nyeupe huweza kuwa za kawaida au hata chache. Najua wengi hukimbilia Widal. Kipimo hicho hutafuta kingamwili, na kingamwili huweza kuwa ya maradhi ya zamani, au ya maradhi mengine kabisa, na ndiyo maana huku mitaani kila mtu mzima ana "taifodi" kwenye karatasi mfukoni. Njia ya kuaminika ni kuotesha damu, hata kama nayo humkosa mgonjwa karibu mmoja katika kila wawili. Tuna bahati kwamba Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri ipo hapo Wawi tangu mwaka 2000. Damu ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya dawa. Baada ya dozi, mnatuletea chupa ambayo mara nyingi haitaotesha kitu.

Na ipo kidingapopo, yaani homa ya dengue, ambayo siwezi kuipita bila ya kusimama mlangoni pake. Daktari mmoja Mskoti, James Christie, aliyefanya kazi Unguja katika karne ya 19, aliandika kwamba wenyeji walikuwa na jina la homa inayovunja viungo, wakaiita kidinga pepo, na kwamba ilizuka Unguja 1823 na tena 1870. Wapo wanaoamini kwamba jina dengue, linalotumika leo dunia nzima, lilitoka humu kinywani mwetu. Cha kuchekesha ni kwamba wataalamu waliosoma upya maelezo yake, na kuona jinsi maumivu ya viungo yalivyodumu, wengi wanaona kuwa ile ilikuwa chikungunya, maradhi yaliyokuja kutambuliwa rasmi baada ya mripuko wa 1952 kule Umakondeni, na ambayo jina lake ni la Kimakonde. Miaka mia moja na zaidi jina moja likabeba homa mbili, kwa sababu kwa macho hazipambanuki.

Leo damu inaweza kuzipambanua, ila kwa saa zake. Katika siku tano za mwanzo hivi protini ya virusi vya kidingapopo hukamatika kwa kipimo cha haraka, baadaye huwa tunatafuta kingamwili. CRP kwa kawaida haipandi sana, chembe nyeupe na chembe sahani hushuka. Lakini mtoto wa kidingapopo anatudanganya kwa namna ambayo hakuna mwingine anayetudanganya, kwani hatari yake kubwa huja pale homa inapotoka, kati ya siku ya tatu na ya saba, mama anaposhukuru kwamba mwanawe amepoa. Akitapika mfululizo, akilalamika tumbo, akitoka damu kwenye fizi, damu ikizidi kuwa nzito huku chembe sahani zikianguka, huyo si wa kurudishwa nyumbani. Na homa inayoshukiwa kuwa ni hiyo isipewe asprini wala ibuprofeni.

Wako watoto ambao nakuombeni msinisubiri mimi wala kipimo changu. Asiyetimiza miezi miwili. Asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila anachopewa, aliyepata degedege, aliyelegea asiyeamka. Na mwenye utapiamlo mkali, kwa kuwa mwili wake huenda hauna hata akiba ya kupigia hiyo mbiu, na CRP ya chini kwake haimaanishi salama. Hao watibiwe na wapelekwe, damu itafuata njiani.

Kwa aliyebaki, yule mtoto wa kanga wa asubuhi ya masika, mwenye mstari mmoja, anayenyonya na kutazama, hana pumzi za kasi, mkojo wake umepimwa kwa kijikaratasi na ni safi, CRP ya chini iliyochukuliwa baada ya siku nzima ya homa ni ushahidi mzuri wa kutompa antibayotiki, mradi mama aambiwe arudi siku ya pili na aelezwe kwa nini. Hapo jibu la swali lake linakuwa la kweli: "Mama, hatujalijua jina la homa hii, lakini tumeona kwamba si ile inayohitaji dawa kali, na tukimwona tena kesho tutajua zaidi."

Nikamilishe kwa la kazini. Juu ya meza ile karibu na mlango kuna fomu mpya za maabara. Zimeongezwa mistari mitatu: siku na saa homa ilipoanza, idadi ya pumzi kwa dakika, na dawa ambazo mtoto amekwisha kunywa, za hospitali, za dukani au za miti shamba. Sisi wa maabara tumekubaliana kwamba kuanzia Jumatatu fomu itakayokuja bila ya saa ya kuanza homa haitarudishwa, lakini jibu lake halitatoka mpaka tumempigia simu aliyeiandika na kumwuliza. Nambari zenu tunazo. Simu hizo zitakuja wakati mbaya, mnajua hivyo na mimi najua, na nakuombeni mzipokee.